Ukungu kwenye tatami: kausha kwanza, maji weka mbali

Swali: "Habari za kazi, wataalamu. Mimi na mume wangu ni Watanzania, tunaishi Fukuoka, Japani, kwenye nyumba ya kupanga. Chumba cha kulala kina tatami sita, ile mikeka minene ya Kijapani ya sakafuni, na zilikuwa mpya tulipohamia mwezi wa nne. Kwa kuwa mtoto wetu ana miezi tisa na anatambaa, tulitandika zulia chumba kizima, na godoro tukalilaza juu yake. Mwezi huu wa saba tumeinua zulia tukakuta ukungu wa kijani na mweupe kwenye tatami tatu. Nikafuta kwa maji ya sabuni, lakini siku chache baadaye umerudi. Je, tatami hizi ndiyo zimeharibika moja kwa moja? Nizisafishe vipi, na mwenye nyumba atatudai?"

Dada, poleni. Tatami hazijaharibika moja kwa moja. Ukungu wa msimu mmoja kwa kawaida huota juu ya uso tu. Uso unasafishika, na hata ukishindikana, hubanduliwa na kubadilishwa wenyewe bila kutupa tatami nzima. Kilichourudisha ukungu haraka ni yale maji ya sabuni. Leo hii kunja zulia lote, simamisha godoro ukutani, na usipitishe tena kitambaa chenye maji.

Tatami ina sehemu tatu, na uamuzi wa kusafisha, kugeuza au kubadilisha unategemea ni sehemu ipi iliyoguswa. Juu kuna uso, Wajapani wanauita omote: ni mkeka uliofumwa kwa igusa, mmea unaolimwa kwenye majaruba kama mpunga, wenye bua jembamba la mviringo. Chini yake kuna kiini, doko, ambacho ndicho chenye unene karibu wote, sentimita 5 na nusu hadi 6 kwa tatami za kawaida. Halafu kuna heri, kitambaa cha pindo kinachoshonwa kwenye pande mbili ndefu ili kufunika kingo za mkeka na kuushika kwenye kiini.

Igusa nyingi inayolimwa Japani hutoka mkoa wa Kumamoto, jirani zenu upande wa kusini, hasa maeneo ya Yatsushiro. Hupandikizwa Novemba na Desemba, ikavunwa kuanzia mwisho wa Juni hadi Julai, na mara tu baada ya kukatwa huchovywa kwenye tope laini la udongo wa mfinyanzi kabla ya kukaushwa. Tope hilo huyafanya mabua yakauke sawasawa, huhifadhi rangi ya kijani na huchangia ile harufu ya tatami mpya. Ndani ya kila bua kuna moyo laini wenye matundu mengi, unaofyonza unyevu hewa inapokuwa mbichi na kuuachia hewa inapokauka. Kwa hiyo tatami inafanya kazi mchana na usiku, inapokea na kutoa. Ninyi mlipoifunika kwa zulia, mliiachia kupokea tu: jasho la watu watatu usiku kucha, na unyevu wa msimu wa mvua ambao kaskazini ya Kyushu, kisiwa mnachoishi, huanza mapema Juni na kuendelea hadi katikati ya Julai au zaidi. Ukungu hustawi kwenye joto la nyuzi 20 hadi 30 na unyevu wa hewa unaozidi asilimia 70. Chini ya godoro lenu mlikuwa na vyote viwili, pamoja na vumbi na seli za ngozi za kuulisha.

Tena tatami mpya ndizo zinazoota ukungu upesi zaidi. Mabua machanga yana nguvu kubwa ya kufyonza, na majira ya joto ya kwanza ni mtihani hata kwa Wajapani wenyewe. Msijione kuwa wachafu. Mwaka wa pili na wa tatu hatari hupungua.

Kabla ya kuanza, hakikisha unachokiona ni ukungu kweli kwenye tatami zote tatu. Lile tope la igusa likikauka huacha unga mwembamba wa kijani-kijivu, nao hushika kwenye soksi na magoti ya mtoto. Unga wa tope umeenea sawasawa, hauna harufu ya uvundo, na ukifuta kwa kitambaa kikavu kufuata mistari ya ufumaji, unatoka na haurudi. Ukungu huja kwa mabaka, mengi ya mviringo, una manyoya ukiutazama kwa karibu, unanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye ndoo, na umejazana pale palipofunikwa au kando ya ukuta usiopata jua. Unga futa tu. Ukungu ufuate utaratibu ufuatao.

Chagua siku kavu. Ikiwa mvua inaendelea, washa kiyoyozi kwenye hali ya kukausha hewa, kitufe chake kimeandikwa "dorai" au "joshitsu", funga madirisha na uache kifanye kazi nusu siku. Mtoto na asikae chumba hicho. Vaa barakoa na glovu. Usianze na mashine ya kufyonza vumbi: mbegu za ukungu hupita kwenye kichujio na kutapakaa chumba kizima, na hapo utakuwa umezipanda na kwenye zile tatami tatu nzima.

Nenda duka la dawa ununue ethanoli ya kuulia vijidudu, "shodokuyo etanoru", ambayo nguvu yake ni kama asilimia 80. Usichanganye na maji. Wakikupa "musui etanoru", hiyo ni karibu asilimia 100 na huruka kabla ya kufanya kazi, kwa hiyo ipunguze mwenyewe: sehemu nne za ethanoli kwa sehemu moja ya maji. Zima moto wote, hata jiko la gesi la chumba cha jirani, na fungua dirisha. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana, kwa sababu ethanoli inaweza kupausha rangi ya kijani ya igusa mpya na kuchuja rangi ya heri, na ikirukia nguzo au vizingiti vilivyopakwa vanishi huacha alama nyeupe.

Puliza hadi baka lionekane limelowa kidogo, bila kutiririka. Subiri dakika 10 hadi 20. Kisha chukua mswaki wa zamani na upige taratibu kufuata mwelekeo wa mabua, usikatishe kamwe, ili kuutoa ukungu uliojificha katikati ya safu za ufumaji. Futa kwa kitambaa kikavu au karatasi unayoitupa papo hapo; ukitumia kitambaa kilekile tatami hadi tatami unausambaza. Rudia mara ya pili, na ya tatu kama bado rangi inatoka. Baada ya hapo elekeza feni kwenye tatami, au endelea na kiyoyozi, mpaka pakauke kabisa. Kesho yake, pakiwa pakavu, sasa pitisha mashine ya kufyonza vumbi, polepole, kufuata mistari.

Jiki na zile dawa za bafuni za kuondoa "kabi" (ndilo jina la ukungu dukani) ziache kabisa. Klorini inakula nyuzi za igusa, inazifanya ziwe nyeupe na kukatika, na hakuna namna ya kuisuuza bila kumwaga maji ndani ya kiini. Na hapa niseme jambo linalowakuta watu wengi waliokulia pwani yetu: mkeka wa ukindu au miyaa unauosha, unauanika juani, unakauka pande zote mbili ndani ya saa chache. Tatami haikunjiki wala haikauki hivyo. Chini ya ule mkeka mwembamba kuna sentimita tano za kitu kinachoweza kushika maji kwa wiki nzima. Kupiga deki ni mwiko.

Sasa tazama chini. Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo itakayokuambia ukubwa wa tatizo. Ingiza bisibisi bapa kwenye upenyo kati ya tatami mbili, karibu na kona, uisukume hadi ifike kwenye kiini ili isitoboe heri, kisha uinue taratibu. Mtu wa pili aidake. Kabla ya kuitoa, andika kwa penseli kwenye kipande cha gundi ya karatasi namba yake na upande unaoelekea dirishani, ubandike upande wa chini. Vyumba karibu vyote havina pembe nne kamili, na kila tatami hukatwa kwa nafasi yake. Ukizichanganya, moja haitaingia na nyingine itaacha mwanya.

Uzito utakuambia kiini ni cha aina gani. Kiini cha asili ni mabua ya mpunga yaliyopangwa kwa matabaka yanayokatishana, kimo cha sentimita 40 hivi, yakagandamizwa na kushonwa hadi kubaki tano. Tatami ya namna hiyo hufikia kilo 30. Ikiwa umeiinua peke yako bila shida, basi kiini ni cha kisasa: mbao laini za nyuzi za miti zilizogandamizwa, mara nyingi zikiwa na povu gumu jepesi katikati, lile la kufungashia televisheni. Nyumba nyingi za kupanga zina hizo. Tofauti yake ina maana kwenu. Kiini cha mabua kinafyonza unyevu unaoshuka kutoka kwenye uso, kwa hiyo huvumilia zaidi, lakini kikilowa sana hukauka kwa shida na huvutia wadudu. Povu halifyonzi chochote. Unyevu hubaki palepale juu, kwenye igusa, na ndiyo maana nyumba mpya zenye tatami nyepesi huota ukungu wa juu haraka.

Upande wa chini na sakafu ya mbao vikiwa vikavu na havina madoa, umepona. Ukikuta ukungu hapo pia, piga ethanoli vilevile, kisha egemeza tatami zikiwa zimeinuliwa sentimita 10 hivi kwa kuwekea makopo au vitabu chini ya ukingo mmoja, na upepo upite siku nzima. Sakafu ikiwa imelowa kabisa au kuna alama za maji zinazotoka ukutani, hilo ni vujo la jengo. Acha kila kitu kilivyo, piga picha, na mwarifu wakala wa nyumba siku hiyohiyo.

Kuhusu mtoto. Ethanoli ikisharuka haiachi sumu, kwa hiyo harufu ikiisha na tatami ikikauka anaweza kurudi kutambaa. Kinachohitaji umakini zaidi ni utitiri. Ukungu ukistawi, utitiri mdogo unaoula huongezeka, na baada yake huja aina nyingine inayowinda huo wa kwanza, na hao wawindaji ndio wanaouma watu. Mkianza kuona vipele kwenye tumbo na mapaja baada ya kulala, huenda sababu ni hiyo. Dawa za moshi zinazouzwa madukani nisingezitumia kwenye chumba cha mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Mafundi wengi wa tatami wana huduma ya kuzichukua na kuzikausha kwa joto kali kwenye chumba maalumu. Utitiri hufa, mayai yake hufa, na kiini hukauka. Gharama yake ni afadhali kuliko kununua mpya.

Zulia msirudishe. Tatami yenyewe ni sakafu laini, inapunguza mshindo mtoto anapoanguka, na Wajapani wamewalea watoto juu yake karne nyingi. Mkitaka kitu cha kumkinga na cha kudaka chakula, tandikeni kipande kidogo cha kitambaa cha pamba kinachofuliwa, na mkiondoe kila jioni.

Godoro ndilo la kusimamia zaidi. Futoni ya Kijapani, godoro jembamba linalokunjika, haifai kubaki imetandikwa mchana. Mkiamka, geuzeni upande wa chini uwe juu kwa nusu saa hivi ili joto na jasho litoke, ndipo mkunje na kuiweka kabatini. Siku ya jua ianikeni barazani. Godoro lenu likiwa nene lisilokunjika, lisimamisheni ukutani kila asubuhi. Au nunueni chaga za mbao za kuweka sakafuni, zinaitwa "sunoko", zenye miguu inayoacha nafasi ya hewa sentimita kadhaa. Hizo nazo ziinueni mara moja kwa wiki na kufuta chini yake. Chaga peke yake bila kuinua godoro huahirisha tu ukungu, na safari ijayo mtaukuta kwenye godoro lenyewe.

Nunueni kipima unyevu kidogo cha kuning'iniza. Lengo ni chini ya asilimia 60. Kikipita 70 kwa siku nzima, washeni "dorai". Msifungue madirisha siku ya mvua mkidhani mnapitisha hewa, kwa maana mnaingiza maji. Fungueni siku kavu, madirisha mawili yanayotazamana, na mlango wa kabati la futoni pia. Majira ya baridi kuna adui mwingine: jiko la mafuta ya taa la kupashia joto, ambalo kwa kila lita ya mafuta hutoa takribani lita moja ya maji hewani, na maji hayo hugeuka matone kwenye vioo na kuchuruzika hadi tatami za kando ya dirisha. Futeni vioo kila asubuhi.

Kikimwagika chai au maziwa, bonyeza kwa karatasi bila kusugua, kisha nyunyiza chumvi ivute unyevu ulioingia katikati ya mabua, ipige kwa mswaki na uifyonze kwa mashine. Kwa mafuta tumia unga wa ngano au poda ya mtoto badala ya chumvi.

Madoa meusi yanaweza kubaki hata baada ya ukungu kufa. Hayo ni rangi iliyoingia kwenye nyuzi, na ukiyasugua zaidi utachubua igusa. Hapo ndipo fundi wa tatami anapoingia, na ana njia tatu. Ya kwanza ni "uragaeshi": uso hubanduliwa, ukageuzwa, na kushonwa upya kwa heri mpya. Hufanyika kwa kawaida tatami ikiwa na miaka mitatu hadi mitano, mradi upande wa ndani ni mzima. Ukungu au maji yakiwa yamepenya, haifai. Ya pili ni "omotegae", uso mpya na heri mpya juu ya kiini kilekile. Ya tatu ni kubadilisha tatami yote, ambayo kwenu sioni sababu yake, maana kiini cha miezi mitatu hakijachoka.

Mkifika kwenye omotegae, ulizeni nyuzi za mtande, zile zinazoyashika mabua, ni za nini na mabua ni marefu kiasi gani. Uso wa bei ndogo una mabua kama 4,000 kwa tatami moja, mafupi, juu ya mtande wa pamba, na ncha zake zilizopauka huonekana karibu na kingo. Uso mzuri una hadi 7,000, marefu, juu ya mtande wa katani unaostahimili kubanwa sana. Kubanwa huko hupunguza nafasi za vumbi kujificha, na vumbi likipungua, ukungu hukosa chakula. Kuna pia nyuso za karatasi ya "washi" iliyosokotwa na kupakwa utomvu wa kiwandani: rangi yake ni moja kila mahali, haififii upesi, na ukungu huipata kwa shida. Haifyonzi unyevu kama igusa wala haina harufu yake. Kwa nyumba yangu ningechagua igusa. Kwa nyumba ya kupanga yenye unyevu na mtoto mdogo, washi ni chaguo la busara, lakini mwenye nyumba ndiye wa kuamua.

Msinunue tatami ya dukani kuja kuchomeka. Vipimo havifanani: ya kyoma, ya Japani magharibi, ni sentimita 191 kwa 95.5, ya edoma, ya upande wa Tokyo, ni 176 kwa 88, na ya danchima, ya majengo ya ghorofa, ni karibu 170 kwa 85. Ndiyo maana chumba cha "tatami sita" chaweza kuwa mita za mraba karibu 11 au chini ya 9.

Sasa deni. Mwongozo wa wizara inayohusika na ardhi na ujenzi kuhusu kurudisha nyumba mpangaji anapohama unatenganisha uchakavu wa kawaida na uharibifu wa uzembe, na marekebisho ya Sheria ya Madai yaliyoanza kutumika Aprili 2020 yanasema wazi kwamba mpangaji halipii uchakavu wa kawaida. Tatami kugeuka kutoka kijani kuwa rangi ya dhahabu kwa jua, na alama za kubonyea zilizoachwa na kabati, ni juu ya mwenye nyumba. Ukungu ulioachwa kuenea bila kushughulikiwa wala kuripotiwa unaweza kuwa juu yenu. Neno zito hapo ni kuripoti. Piga picha leo, kabla ya kusafisha na baada yake, zenye tarehe, na umwandikie wakala kwamba umekuta ukungu, umeondoa zulia na umesafisha kwa ethanoli.

Mkidaiwa, hesabu kwa kanuni huwa kwa tatami moja moja. Tatami tatu zilizoharibika ni tatu, hata kama mwenye nyumba anataka kubadilisha zote sita ili rangi zifanane. Fahamuni tu kwamba uso wa tatami huhesabiwa kama kitu cha kutumika na kuisha, kwa hiyo bei yake haipunguzwi kwa miaka mliyokaa, tofauti na kiini. Soma pia mkataba wenu sehemu ya "tokuyaku", masharti maalumu: mikataba mingi humtwisha mpangaji gharama ya "tatami no omotegae" anapohama, kuwe na ukungu au usiwepo. Kama sharti hilo lipo, ulizeni kabla ya kulipia ukarabati wowote sasa, msije mkalipa mara mbili. Mkishindwa kuelewana, pigeni namba 188, simu ya taifa ya walaji. Watawaunganisha na kituo cha ushauri cha eneo lenu.